Jinsi ya Kuchagua Ubao wa Kwanza wa Kuteleza Mawimbini

Anayeanza kujifunza kuteleza mawimbini hutumia muda wake mwingi akiwa amelala kifudifudi juu ya ubao, akijisukuma kwa mikono, na muda mchache sana akiwa amesimama. Kwa hiyo ubao unaomfaa ni ule unaomsaidia katika kazi hiyo ya kulala na kujisukuma: uelee vizuri, uende kwa kasi bila kumchosha, na ulidake wimbi mapema, kabla halijasimama wima na kuanguka. Mbao fupi zenye pua kali zinazoonekana kwenye mashindano makubwa, kama yale ya Olimpiki ya 2024 yaliyofanyika Teahupo'o, Tahiti, ziliundwa kwa ajili ya watu waliokwisha kuimudu kazi hiyo kwa miaka mingi, tena kwa mawimbi mazito ambayo mwanafunzi hapaswi kuyasogelea. Anayenunua ubao wa namna hiyo kwa kuvutiwa na umbo lake atashinda baharini siku nzima bila kupata hata wimbi moja, na wengi huacha mchezo huu wakiamini kwamba hawana kipaji, ilhali kilichowakwamisha ni ubao.

Maelezo yanayofuata yanamhusu mtu mzima anayejua kuogelea na anayetaka kukodi au kununua ubao wake wa kwanza. Asiyejua kuogelea na aanze na kuogelea, kwa sababu kamba inayofungwa mguuni inaweza kukatika wakati wowote, na ikikatika ubao hupelekwa ufukweni na wimbi huku mwenyewe akibaki kwenye kina.

Hatua ya kwanza: lijue wimbi utakalojifunzia

Ubao huchaguliwa kwa ajili ya bahari fulani. Muizenberg, ufuo ulio ndani ya False Bay karibu na Cape Town, ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana sana barani Afrika kwa kufundishia wanaoanza, na sababu yake iko chini ya maji: sakafu ni ya mchanga na ina mteremko mdogo, kwa hiyo wimbi huvunjika polepole, halina ukuta mkali, na husafiri umbali mrefu kuelekea nchi kavu. Wimbi la aina hiyo halina nguvu ya kuusukuma ubao mdogo. Linahitaji ubao mrefu na mpana unaoanza kuteleza kwa msukumo mdogo, na ndiyo maana mbao nyingi utakazoziona pale zikikodishwa ni za futi 8 na kuendelea. Maji ya kule ni baridi, na wengi huvaa nguo ya mpira ya kuzuia baridi. Nguo hiyo hubana mabega na kumfanya mtu achoke upesi anapojisukuma, jambo ambalo ni sababu nyingine ya kuchagua ubao unaoelea zaidi.

Pwani ya Afrika Mashariki ni habari tofauti. Sehemu kubwa ya ufuo wa Kenya na wa mashariki mwa Unguja imekingwa na miamba ya matumbawe, hivyo mawimbi ya bahari kuu huvunjikia mwambani, mbali na ufuo, na maji yaliyo ndani ya mwamba hubaki matulivu. Wageni wengi wanaofika Paje au Jambiani huuona mstari mweupe wa mawimbi kwa mbali na kudhani kwamba ni mahali pa kujifunzia, lakini sivyo. Pale kuna matumbawe makali chini ya maji machache, na tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia takribani mita 3 hadi 4, kwa hiyo sehemu iliyokuwa salama asubuhi inaweza kuwa mwamba mtupu baada ya saa chache. Hakuna ubao unaoweza kumlinda mwanafunzi dhidi ya mambo hayo.

Malindi ina bahati, kwa kuwa ghuba yake iko wazi kuliko sehemu nyingi za pwani ile, na wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti, mawimbi hufika hadi mchangani. Hata hivyo, hayafanani na yale ya Muizenberg. Mengi husukumwa na upepo wa karibu, huja kwa kufuatana bila nafasi kubwa kati yao, na hayana mpangilio mzuri. Mwanafunzi wa Malindi atapigwa sana na maji meupe ya povu na ubao wake utarushwa huku na huku, kwa hiyo ningemshauri achukue ubao wenye ngozi laini ya sponji bila kusita, na usizidi futi 8 au 8 na nusu ili aweze kuupitisha katikati ya mawimbi yanayofuatana.

Hatua ya pili: pima uzito wako na uulinganishe na ujazo wa ubao

Wauzaji wengi huanza kwa kuuliza urefu wa mnunuzi, lakini uzito ndio unaoamua mambo. Kila ubao una ujazo unaopimwa kwa lita, na ujazo huo ndio unaotuambia ubao utambeba mtu kiasi gani. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takribani kilo 1 na gramu 25. Ubao wa lita 80, ukizamishwa wote, husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 82 hivi. Ukitoa uzito wa ubao wenyewe, tuseme kilo 7, zinabaki kilo 75 za kumbeba mtu. Mwenye kilo 65 akilala juu yake, kingo za ubao hubaki juu ya maji, kifua chake hubaki pakavu, na kila anapovuta maji kwa mikono ubao husonga mbele. Mtu huyo huyo akilala juu ya ubao wa lita 30, ubao hauwezi kumbeba peke yake, kwa hiyo huzama pamoja naye mpaka mwili wake uanze kuelea wenyewe, na nguvu zake zote huishia katika kuyasukuma maji kwa kifua.

Kanuni ninayoiamini kwa anayeanza ni kwamba lita za ubao zisipungue kilo za mwili wake, na ikiwezekana zizidi kwa kiasi cha robo. Mwenye kilo 60 atafute ubao wa lita 60 hadi 75; mwenye kilo 80 atafute wa lita 80 hadi 100. Aliyevuka umri wa ujana, ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, au ambaye atapata nafasi ya kuingia baharini mara chache tu kwa mwaka, na achague upande wa juu wa kipimo hicho. Kijana mwepesi mwenye mabega yaliyozoea kuogelea anaweza kuchagua upande wa chini, ingawa hata yeye hatapoteza kitu akiongeza lita chache.

Vipimo vya ubao kwa kawaida huandikwa chini yake, karibu na mkia au kando ya ufito wa katikati, kwa mpangilio wa urefu, upana na unene, na mara nyingi lita huandikwa mwishoni. Urefu hutajwa kwa futi na inchi, upana na unene kwa inchi peke yake. Futi 8 ni sawa na sentimita 244, na inchi 22 ni sawa na sentimita 56. Ikiwa lita hazikuandikwa, usijaribu kuzikadiria kwa kuzidisha vipimo vitatu, kwa sababu ubao huwa mwembamba kwenye pua, mkia na kingo, na jibu litakuwa kubwa kuliko ukweli. Tafuta jina la mtengenezaji na aina ya ubao, kisha uangalie vipimo alivyovitangaza.

Hatua ya tatu: tazama umbo

Mbao mbili zinaweza kuwa na lita sawa na tabia tofauti kabisa. Urefu huupa ubao kasi, kwa kuwa ubao mrefu hukata maji kwa wepesi na kuufikia mwendo wa wimbi mapema. Upana huupa utulivu: ubao mpana husimama majini kama ngalawa yenye ndubi zake, ukielemea upande mmoja hujirudi, wakati ubao mwembamba hupinduka mara tu uzito unapohama. Unene huongeza lita, lakini ubao mnene usio na upana humweka mtu juu sana ya maji na kuyumba. Kwa sababu hiyo, nikiambiwa nichague kati ya ubao mnene na ubao mpana wenye lita zile zile, nitampa anayeanza ule mpana.

Kwa watu wazima wengi, urefu wa futi 8, upana wa inchi 22 hadi 23 na unene wa inchi 3 na kidogo ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwenye uzito chini ya kilo 55 anaweza kushuka hadi futi 7 au 7 na nusu. Aliyezidi kilo 85 afikirie futi 8 na nusu hadi 9. Zipo pia mbao za futi 9 na zaidi ambazo hutumiwa na wataalamu wa mtindo wa zamani. Hizo ni nzuri sana kwa wimbi la polepole, lakini ni nzito, ni vigumu kuzigeuza haraka, na zikimtoka mtu mikononi huwa hatari kwa walio nyuma yake.

Kipimo kingine ni mkono wako mwenyewe. Ubebe ubao kwapani, mkono ukiwa umenyooka kuelekea chini. Vidole vikishindwa kabisa kuufikia ukingo wa chini, utaubeba kwa taabu kila siku, na upepo wa kusi utakuyumbisha nao ufukweni. Kwa mtu mwenye mikono mifupi ni afadhali kupunguza inchi moja ya upana na kuongeza urefu kidogo.

Kisha ulaze ubao chini mahali tambarare, uchuchumae, na uutazame kwa ubavu. Utaona jinsi pua na mkia zinavyoinuka kutoka ardhini. Mpindo mkubwa humsaidia mtaalamu asiichome pua ya ubao majini anaposhuka wimbi lenye ukuta, lakini pia huyasukuma maji mbele na kupunguza kasi. Anayeanza anahitaji ubao ulionyooka sehemu kubwa ya katikati, pua ikiinuka kwa kiasi tu. Pua yenyewe iwe ya duara. Pua ya duara hubeba uzito mbele pale unapojisukuma, na haichomi kama ile ya ncha.

Hatua ya nne: amua juu ya ngozi na kiini

Mbao laini zina kiini chepesi cha polistirini, fito moja au zaidi za mbao ndani yake kwa ajili ya nguvu, mgongo uliofunikwa kwa ngozi ya sponji, na tumbo la plastiki inayoteleza. Mbao ngumu hufunikwa kwa fibaglasi iliyoshikamanishwa kwa resini ya poliesta au ya epoksi. Ubao mgumu huteleza vizuri zaidi na hudumu ukitunzwa, lakini ubao wa kwanza nadhani uwe laini. Mwanafunzi huanguka, na ubao humwangukia yeye au mwenzake. Ubao mgumu wa futi 8 ukisukumwa na wimbi unaweza kupasua kichwa. Ule laini nao huumiza, lakini hauumizi kwa kiasi kile, na mtu asiyeogopa ubao wake hujifunza upesi.

Ipo pia njia ya gharama ndogo ambayo haithaminiwi inavyostahili, yaani ubao mdogo wa kulalia kwa tumbo, ambao Tom Morey aliubuni Hawaii mwaka 1971. Mahali ambapo wimbi huangukia karibu na mchanga na hakuna nafasi ya kusimama, ubao huo humfundisha mtu kulisoma wimbi, kuchagua wakati wa kuondoka, na kuvumilia kupigwa na maji.

Hatua ya tano: mapezi, kamba na nta

Pezi la kudumu chini ya ubao lilianza kutumika mwaka 1935, Tom Blake alipoliweka ili mkia usiteleze ovyo, na mpangilio wa mapezi matatu ulienea baada ya Simon Anderson wa Australia kuutumia mashindanoni mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa mwanafunzi mapezi matatu yanatosha na hayahitaji mawazo mengi. Muhimu ni kwamba yawe ya plastiki inayokunjika kidogo, yasiwe na kingo kali, na yafungwe kwa skrubu zinazopatikana.

Kamba ya mguu iwe na urefu unaokaribiana na ule wa ubao, yaani futi 8 kwa ubao wa futi 8; kamba fupi huurudisha ubao usoni. Nta, inayopakwa mgongoni mwa ubao ili miguu isiteleze, huuzwa kwa kiwango cha joto la maji. Ile ya maji baridi inayouzwa Cape Town itayeyuka Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo omba ya maji ya joto.

Hatua ya sita: kodi kwanza

Mahali penye maduka ya kukodisha, kama Muizenberg au fukwe za Durban, hakuna sababu ya kununua kabla ya kujaribu. Kodi ubao wa futi 8 na mwingine wa futi 9 katika siku moja, bahari ikiwa ile ile, na uhesabu ni mawimbi mangapi umeyapata kwa kila mmoja. Hesabu hiyo ina uzito kuliko maneno ya muuzaji. Unapojaribu, lala ubao ukiwa umetulia na uitazame pua: ikae vidole viwili au vitatu juu ya maji. Ukilazimika kurudi nyuma sana ili pua isizame, mkia nao utazama na ubao utaburuta. Hiyo ni dalili kwamba lita hazikutoshi.

Hatua ya saba: kagua ubao uliokwisha kutumika

Katika pwani yetu maduka ya mbao hizi ni machache, na mara nyingi ubao unaopatikana ni ule ulioachwa na mgeni au unaouzwa na shule ya michezo ya majini. Hakuna ubaya wowote katika kununua ubao wa namna hiyo, mradi uukague kwa utulivu, mchana, juani.

Mwombe muuzaji aondoe nta yote mgongoni, na akikataa, achana naye, kwa sababu nta huficha nyufa. Bonyeza mgongo mzima kwa dole gumba, hasa pale miguu inapokanyaga. Mabonyeo madogo ya visigino ni ya kawaida. Sehemu inayobonyea na kurudi, au inayotoa sauti ya utupu ukiigonga, imeachana na kiini chake, na haitapona yenyewe. Angalia pembezoni mwa mapezi na tundu la kamba, kwa kuwa nyufa za hapo huingiza maji polepole bila kuonekana. Tafuta mstari unaokatiza upana wa ubao, na uangalie kwa makini chini ya stika na rangi mpya: mara nyingi huo ni ubao uliovunjika vipande viwili ukaunganishwa. Kwa ubao laini, geuza tumbo juu na utazame kama plastiki ina mkunjo wa kukatiza, dalili kwamba fito za ndani zimevunjika, au kama imeanza kubanduka kwenye mkia.

Mwishowe uinue. Ubao ulionyonya maji huwa mzito kuliko ukubwa wake, na uzito huo mara nyingi hukaa upande mmoja. Ukiweza kuulinganisha na mwingine wa vipimo hivyo hivyo, utaitambua tofauti mara moja. Ubao wa lita 80 ulionyonya maji haufanyi tena kazi ya lita 80, hata bei ikiwa ndogo kiasi gani.

Kabla ya kulipa, uliza kiini ni cha aina gani, na uliandike jibu. Ubao ukitoboka huku kwetu, fundi utakayempata huenda akawa wa boti za fibaglasi, na wengi wao hutumia resini ya poliesta. Resini hiyo huyeyusha polistirini: ikimwagwa kwenye tundu, kiini hutoweka na kuacha shimo kubwa kuliko lile la mwanzo. Epoksi ni salama kwa kiini cha polistirini na hata kwa kile cha poliyurethani kilichomo katika mbao nyingi ngumu, kwa hiyo asiye na uhakika na aombe epoksi. Hata kabla ya kumfikia fundi, ubao uliotoboka utolewe majini mara moja, uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na uachwe kivulini ukiwa umesimama tundu likielekea chini mpaka ukauke kabisa.

Jua ni adui mwingine. Ubao ulioachwa ndani ya gari lililofungwa, au juu ya mchanga saa sita mchana, hupata joto linalotanua hewa iliyo ndani ya kiini na kuinua ngozi kwa malengelenge. Chagua rangi nyeupe au hafifu ukiweza, na uuhifadhi kivulini.

Wakati wa kubadilisha

Baada ya muda utatamani ubao mfupi zaidi. Usiubadilishe kwa sababu umechoka kuutazama. Ubadilishe pale utakapoweza kulidaka wimbi ambalo bado halijavunjika bila kusukumwa na mwalimu, kusimama mara nyingi kuliko kuanguka, na kuelekea kushoto au kulia kwa kukusudia, badala ya kwenda moja kwa moja ufukweni. Hata hapo, shuka kidogo kidogo: inchi 6 za urefu, au lita 8 hadi 10, zinatosha kwa mara moja. Ukiona idadi ya mawimbi unayoyapata kwa siku imeporomoka na hairudi baada ya wiki kadhaa za mazoezi, umeshuka mno, na ni vyema urudi kwenye ubao wa awali. Kwa hiyo usiuuze wa kwanza mpaka wa pili uwe umekubaliana nawe.